Yaliyosemwa na yaliyosikika: uchambuzi wa mhadhara mmoja kuhusu ziwa lililogeuka kijani

Usuli

Kisa hiki kinahusu mhadhara wa hadhara uliotolewa na mwanaikolojia wa maji baridi mbele ya watu wanaoishi kando ya ziwa alilokuwa akilichunguza. Mimi nilikuwa mratibu wa mihadhara hiyo, kwa hiyo sehemu ya makosa ni yangu na nitayataja kila yanapofika. Jina la ziwa, la kituo chetu cha utafiti na la wahusika wote nimeliondoa, na mambo madogo madogo yasiyogusa maana nimeyabadilisha. Mtafiti mwenyewe amekubali kisa kitumike kufundishia wanasayansi wengine wanaotaka kuzungumza na umma.

Ziwa ni pana lakini kina chake ni kifupi. Mto mmoja unaingilia upande wa juu baada ya kupita mashambani na kwenye makazi. Upande wa pili kuna ghuba iliyokingwa na upepo. Kwa miaka kadhaa, kila joto lilipozidi, maji yalikuwa yakigeuka kijani, utando mzito ukielea ufukweni kama rangi iliyomwagika, na harufu yake haivumiliki. Watu walivua humo, waliogelea, walinywesha mifugo, na wengine walichota maji ya nyumbani.

Sayansi aliyokuja nayo mtafiti ilikuwa imara. Utando ule hutokana na sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Kinachowafanya wafurike ziwani mara nyingi ni fosforasi inayotoka kwenye mbolea, kinyesi cha mifugo na maji taka. Hilo lilithibitishwa kwa jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fani hii analijua. Mwaka 1973, David Schindler na wenzake huko Ontario, Kanada, waliligawa Ziwa 226 kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande wa fosforasi uligeuka kijani na mwingine haukugeuka. Picha iliyopigwa kutoka angani iliwaonyesha hata wasiosoma majedwali kwamba mabishano kuhusu fosforasi yamepata jibu.

Kwa hiyo tusitafute kosa katika utafiti. Lilikuwa kwingine.

Maandalizi

Mtafiti aliniuliza maswali mawili tu: nina muda gani, na watakuja nani? Nilimjibu kwamba ana saa nzima na watakuja watu wa kawaida.

Jibu hilo la pili lilituponza. Hakuna mtu anayeishi maisha ya "mtu wa kawaida". Kuna mvuvi anayeingia majini kabla ya alfajiri, kuna mama anayetaka kujua kama watoto waoge au wasioge, kuna mfugaji, kuna mwanafunzi anayetafuta fani ya kusomea. Mihadhara yetu ya kila mwezi ilikuwa imezoea wanafunzi, walimu wastaafu na wapenzi wa ndege, watu wanaofurahia kujifunza jambo jipya na kwenda zao. Safari hii mada ilikuwa ziwa lao, na walikuja watu wenye uamuzi wa kufanya kesho yake. Nilipaswa kuliona hilo na sikuliona.

Slaidi zilikuwa 46. Zilitoka katika mada aliyoitoa kwenye mkutano wa kitaaluma. Tuliondoa milinganyo, tukatafsiri istilahi, tukaona kazi imekwisha. Mazoezi tuliyafanya mbele ya wenzetu wanne, wote wanaikolojia, na maoni yao yalihusu rangi za grafu na ukubwa wa herufi.

Kuna jambo moja ambalo mtafiti alilijua vizuri na ambalo linabeba kisa chote. Sampuli alizopima sumu zilichotwa katikati ya ziwa, kwa boti, kwenye maji ya wazi. Utando wa ufukweni, ambako upepo huusukuma na kuurundika, ulikuwa haujapimwa sumu hata mara moja. Pengo hilo lilitajwa kwa sentensi moja katika slaidi ya 41.

Jioni ya mhadhara

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama wameegemea kuta. Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko tulivyotarajia. Slaidi ya tatu ilikuwa picha ya Ziwa 226, na ilipotokea ukutani minong'ono ilikatika. Mama mmoja aliyeketi mbele alisema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe!" Laiti tungesimama hapo na kumuuliza ameona nini. Tulikuwa na slaidi 43 za kumaliza, tukasonga mbele.

Katikati ya mhadhara niliona nyuso zinabadilika, na wakati ule sikuelewa kwa nini. Nilielewa baadaye, nilipoisikiliza rekodi huku nikiwa na majibu ya watu waliokuwemo. Mtafiti alisema ziwa lina "virutubisho vingi mno". Kwa msikilizaji, virutubisho ni kitu ambacho mtoto anakosa akidhoofika. Ziwa lenye virutubisho vingi ni ziwa lenye afya, basi kuna ubaya gani? Alisema tatizo ni "bakteria", na baadhi wakaondoka wakiamini kuna ugonjwa wa kuambukizana majini. Alisema kuna "uhusiano chanya" kati ya fosforasi na utando, na wapo waliosikia kwamba fosforasi inasaidia. Alipoonyesha mistari ya wima kwenye grafu akaiita "makosa ya vipimo", mtu wa nyuma alimgeukia mwenzake akasema, wenyewe wanakiri wamekosea.

Mzee mmoja mvuvi aliinua mkono ramani ilipoonyeshwa. Nilikuwa naongoza kikao. Nikamwashiria kwa adabu asubiri hadi mwisho. Mwisho ulipofika zilibaki dakika 6 za maswali.

Mzee alisimama. "Daktari, ramani yako inasema uchafu unaingia na mto. Mimi niko majini kila siku. Kijani hakianzi mtoni. Kinaanza ghubani. Maji yakitulia siku nne, tano, bila upepo, halafu upepo ukavuma na kukoma, ndipo unakiona kimepanda."

Mtafiti alijibu, "Ahsante sana, mzee. Huo ni uangalizi mzuri. Lakini vipimo vyetu vya miaka mingi vinaonyesha mto ndio chanzo kikuu." Watu wachache walicheka. Mzee aliketi na hakusema neno tena jioni hiyo.

Kisha akasimama yule mama wa mbele. "Mimi nataka kujua jambo moja. Haya maji yana sumu au hayana? Nina watoto."

Jibu alilolipata, nililinukuu kutoka kwenye rekodi, ni hili: "Mpaka sasa hatujapata ushahidi kwamba maji haya yana kiwango cha sumu kinachohatarisha afya." Nikashukuru wote, nikafunga kikao.

Siku zilizofuata

Habari iliyosomwa redioni kesho yake ilisema mtaalamu amethibitisha kwamba maji ya ziwa hayana sumu. Ilipita mdomo kwa mdomo ikiwa fupi zaidi: maji ni salama. Watu waliokuwa wameanza kuwazuia watoto wasiogelee wakalegeza.

Siku ya 11 mbwa wawili walikufa baada ya kunywa maji ghubani, na watoto kadhaa walitoka vipele. Mamlaka ya afya ilichukua sampuli za utando wenyewe, ikakuta maikrosistini, sumu inayoshambulia ini, ikabandika tangazo la kukataza watu kugusa maji ya ghuba. Hakuna mtu aliyepoteza maisha na hakuna aliyelazwa. Lakini hasira ilikuwa kubwa na yote ilimwelekea mtafiti. Walisema amewadanganya.

Alikuja ofisini kwangu akiwa na nakala ya maneno yake. "Sikusema maji ni salama," aliniambia. "Soma." Nikasoma, na ni kweli hakusema.

Maamuzi, na kwa nini

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kutoa taarifa yenye maneno halisi ya mhadhara ili kuonyesha kwamba redio ilikosea. Uongozi wa kituo uliipenda, na mtafiti mwenyewe aliielekea. Ya pili ilikuwa kukaa kimya na kuiachia mamlaka ya afya. Ya tatu ilikuwa kurudi kwa watu.

Nilipinga ile ya kwanza kwa nguvu zangu zote. Ingetusafisha sisi, lakini mama aliyeuliza angebaki bila jibu. Tena, ingemwambia kwamba kosa ni la masikio yake. Tukakubaliana kurudi, ila kwa masharti matatu ambayo yalibadilisha kila kitu.

Sharti la kwanza lilikuwa kukusanya maswali kabla ya kuandaa majibu. Watu wawili wa kituo walizunguka kwa siku tatu, mialoni, visimani na nyumbani kwa watu, wakiuliza jambo moja tu: ungependa kujua nini kuhusu ziwa? Maswali yalikuwa mengi lakini yalijirudia. Tunywe? Tukiyachemsha je? Samaki wanalika? Ng'ombe je? Kijani kitaisha lini? Nani aliyesababisha? Hakuna hata mmoja aliyeuliza jinsi fosforasi inavyozunguka ziwani, jambo ambalo lilichukua slaidi 20 za mhadhara wa kwanza.

Sharti la pili lilikuwa kutokuwa na projekta wala jukwaa. Kikao kingefanyika mwaloni, asubuhi, boti zikisharudi.

Sharti la tatu alilileta mtafiti mwenyewe, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Alisema alikesha usiku akiyafikiria maneno ya mzee mvuvi, ndipo akagundua kwamba mzee alikuwa amemweleza, hatua kwa hatua, jambo ambalo yeye huwafundisha wanafunzi wake darasani. Joto likizidi na upepo ukikosekana, maji ya juu hupata joto na kuwa mepesi, ya chini hubaki baridi na mazito, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Viumbe wadogo walio kwenye tope humaliza oksijeni ya chini. Penye oksijeni, madini ya chuma yaliyomo kwenye tope huishika fosforasi. Oksijeni ikiisha, chuma huyeyuka na fosforasi huachiliwa majini. Upepo ukija huchanganya maji na kuipandisha juu. Upepo ukikoma, sianobakteria, ambao wana vifuko vya hewa ndani ya chembe zao, huelea na kujirundika juu. Siku nne tano za utulivu, upepo, kisha kijani. Mzee alikuwa ameisema kwa mpangilio ule ule.

Kwa nini vipimo vya miaka yote havikuliona? Kwa sababu vituo vya kuchotea sampuli vilichaguliwa kwa kufuata njia ya boti, na boti ya kituo haikuweza kuingia ghubani kwa sababu ya magugu. Hapakuwa na kituo hata kimoja mle. Waliazima mtumbwi, wakasubiri siku za utulivu, wakapima. Chini ya ghuba oksijeni ilikuwa karibu imekwisha, na fosforasi karibu na tope ilikuwa nyingi kuliko ile ya juu kwa kiasi ambacho hakikuhitaji takwimu kukiona.

Hivyo wote wawili walikuwa na hoja. Kwa miaka mingi mto ndio ulioleta. Sasa ghuba ndiyo inayotoa.

Kikao cha pili

Mtafiti alianza kwa kuomba radhi, na namna alivyoomba inafaa kuigwa. Hakusema "samahani kama hamkunielewa". Alisema: "Mama mmoja aliniuliza kama maji yana sumu, nami nikajibu swali jingine. Nilipaswa kusema hivi: katikati ya ziwa, tulikopima, sumu ni kidogo. Utando wa ufukweni hatujaupima. Kitu ambacho hakijapimwa na kinafanana na kile kinachojulikana kuwa na sumu, mkihesabu kuwa kina sumu hadi tutakapowaambia vingine. Sikusema hivyo, na nilijua."

Halafu alimwomba mzee aeleze kwanza. Mzee alichukua kijiti, akaichora ghuba mchangani, akaonyesha upepo unatoka wapi na kijani kinatokea wapi kwanza. Wavuvi wengine walimsahihisha mahali pawili, wakabishana, wakakubaliana. Mtafiti alisikiliza akiandika. Zamu yake ilipofika aliongeza lile ambalo macho hayawezi kuliona: tope, oksijeni, chuma. Alieleza juu ya mchoro uleule wa mzee.

Vifaa vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa chupa za kioo zilizojazwa maji ya ziwa jioni iliyotangulia na kuachwa zitulie. Asubuhi utando ulikuwa umepanda na kukaa shingoni mwa chupa za ghubani. Mtu yeyote anaweza kulifanya jaribio hilo nyumbani. Linamwonyesha kama kinachoelea ni aina ya kutiliwa shaka, ingawa haliwezi kumwambia kama kina sumu, na mtafiti alisisitiza nusu hiyo ya pili mara mbili. Kifaa kingine kilikuwa sahani ya Secchi, duara linaloshushwa majini kwa kamba hadi lisionekane, kisha unasoma kina. Angelo Secchi, padri na mwanafalaki, yaani mtaalamu wa nyota, aliijaribu katika bahari ya Mediterania mwaka 1865, na hadi leo wanasayansi wa maziwa wanaibeba kwa sababu inahitaji kamba na macho tu.

Maswali yalichukua sehemu kubwa ya muda. La kuchemsha lilijibiwa kwa kisa cha kweli. Agosti 2014, mji wa Toledo katika jimbo la Ohio, Marekani, ulikuta maikrosistini katika maji yaliyokwisha kusafishwa kutoka Ziwa Erie. Wakazi wapatao 400,000 au zaidi waliambiwa wasinywe maji ya bomba, na pia wasiyachemshe, kwa sababu moto hauiondoi sumu hiyo. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu inayobaki inazidi ukali. Watu walikuwa wamezoea kufikiri kwamba kuchemsha kunatibu kila kitu, na nina hakika jibu hilo peke yake lilistahili kikao kizima. Walipouliza ni kiasi gani kinachohesabiwa kuwa kingi, walipewa kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ya maisha yote, mikrogramu 1 kwa lita, kisha wakaambiwa kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakisikiki kwa ulimi. Kuhusu samaki: sumu hukaa zaidi kwenye ini na matumbo, kwa hiyo yatolewe na kutupwa, mnofu uoshwe kwa maji safi, na wakati utando ni mzito uvuvi wa ghubani usimame.

Kwa swali la lini kitaisha, mtafiti alisimulia Ziwa Washington lililo kando ya mji wa Seattle, Marekani. Maji taka yalikuwa yakimwagwa humo hadi likachafuka, W. T. Edmondson, mwanasayansi wa chuo kikuu cha pale, aliona dalili, akaeleza kitakachotokea, na mwaka 1958 wapigakura walikubali kuunda chombo cha kuyaondoa maji taka ziwani. Kazi ya kuyageuzia kwingine ilifanyika kati ya 1963 na 1968, na katika miaka ya 1970 ziwa lilikuwa limesafika. Watu walifurahi. Lakini mtafiti hakuwaacha na furaha hiyo. Aliwaambia Ziwa Washington lina kina kirefu, lao halina, na tope la ghuba litaendelea kutoa fosforasi hata mto ukisafishwa leo. Huko Sweden, Ziwa Trummen lilibaki chafu baada ya maji taka kuzuiwa, hadi tope lake lilipochotwa mwaka 1970 na 1971. "Sitawaahidi mwaka," alisema.

Hakuna aliyekasirika. Niliwatazama nyuso zao aliposema hivyo, kwa sababu niliogopa.

Matokeo

Tangazo la kukataza watu kugusa maji ya ghuba liliheshimiwa msimu huo. Wavuvi sita waliomba sahani za Secchi, wakagawana sehemu za ziwa, na wanaandika kina cha mwonekano kila wiki. Maandishi yao sasa yanaingia katika daftari la utafiti. Kituo kina vituo viwili vya sampuli ghubani.

Hayo ndiyo mazuri. Redio haikusahihisha habari yake, nasi hatukuwa na namna ya kuwafikia wote walioisikia. Yule mama aliyeuliza swali hakuja kikao cha pili. Nilimtumia ujumbe, nikamfuata, akanisikiliza kwa heshima, akasema ameelewa. Sijui kama alitusamehe, wala sikuwa na haki ya kumuuliza. Na wakulima wa juu ya mto, ambao fosforasi inapita kwao, hawakuwa katika kikao chochote kati ya viwili. Hatukuwaalika.

Uchambuzi

Wenzangu wengi wanaposikia kisa hiki husema mwandishi wa habari ndiye aliyekosea. Sikubaliani nao. Chukua sentensi "hatujapata ushahidi kwamba kuna sumu" umpe mtu mwenye mtoto mkononi. Yeye hahesabu ushahidi. Anatafuta ruhusa au katazo. Katika lugha ya kila siku, mtu aliyetumwa kutafuta kitu akirudi na kusema hajakipata, tunachukulia ametafuta mahali kinapoweza kuwepo. Mtafiti alikuwa hajatafuta ufukweni. Sentensi yake ilikuwa kweli kwa anayejua sampuli zilichotwa wapi, na ilikuwa uongo kwa asiyejua. Dawa yake ni fupi: kila "hatujapata" ifuatwe papo hapo na "tulitafuta hapa, hatukutafuta pale", kisha "kwa sababu hiyo, fanyeni hivi". Sehemu ya tatu ndiyo wanasayansi huiogopa, wakihisi wanavuka mpaka wa kazi yao. Naielewa hofu hiyo. Lakini anayenyamaza mbele ya swali la aina ile ameshatoa ushauri, na msikilizaji ataujaza mwenyewe.

Kuhusu maneno, nimebadili kabisa ninavyowaandaa wazungumzaji. Zamani tulitafuta neno la Kiswahili la kila istilahi tukaridhika. Hatari kubwa haiko kwenye neno gumu, kwa sababu neno gumu msikilizaji huliuliza au hulipuuza. Iko kwenye neno jepesi ambalo tayari analitumia kwa maana nyingine: virutubisho, bakteria, chanya, makosa, nadharia. Haya hayaulizwi. Yanaingia na kutulia na maana yake ya zamani. Katika kikao cha pili mtafiti alisema "chakula cha utando" badala ya virutubisho, na "tunaweza kupitiliza au kupungukiwa kwa kiasi hiki" badala ya makosa ya vipimo, na hakuna aliyechanganyikiwa. Mazoezi yetu sasa hufanyika mbele ya mtu asiye wa fani, naye huombwa arudie alichosikia. Ni zoezi la nusu saa. Lingetuokoa.

Jambo la mzee mvuvi lina kina zaidi, na mfano wake unaojulikana sana uko Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya Aprili 1986, mvua ilishusha sizi (caesium), elementi yenye mionzi, kwenye malisho ya kondoo. Wanasayansi walisema zuio la kuuza kondoo litakuwa la wiki tatu, kwa sababu walijua udongo wa mfinyanzi huifunga sizi. Udongo wa milima ile haukuwa wa mfinyanzi. Ulikuwa wa mboji yenye tindikali, ambamo sizi huendelea kupanda kwenye majani. Zuio likaongezwa tena na tena, na la mwisho lilikuja kuondolewa mwaka 2012. Mwanasosholojia Brian Wynne, aliyezungumza na wafugaji hao, alionyesha kwamba waliijua milima yao na tabia ya kondoo wao kwa namna ambayo ingeyarekebisha makadirio mapema, kama wangeulizwa. Walichopoteza wanasayansi pale ni zaidi ya hesabu ya wiki. Wafugaji walianza kutilia shaka hata yale yaliyokuwa sahihi.

Nimesisitiza jambo hili kwa mtafiti na kwa wengine: kumsikiliza mzee hakukuwa adabu tu kwa mtu mzima. Alikuwa na vipimo vya alfajiri nyingi mfululizo, mahali ambapo boti yetu haikufika. Hilo halimaanishi kila analosema msikilizaji ni kweli. Katika kikao kilekile wapo walioshikilia kwamba kijani kinaletwa na injini za boti, na mtafiti aliwaeleza bila kuzunguka kwa nini sivyo. Tofauti ni kwamba dai la mzee lilikuwa na mahali, wakati na mpangilio, kwa hiyo lilipimika, na mtafiti alilipima. Jibu lake la kwanza, "huo ni uangalizi mzuri, lakini", lilikuwa mlango unaofungwa kwa upole.

Kosa la kuahirisha maswali ni langu. Nilimnyamazisha mzee kwa ishara ya mkono ili ratiba isivurugike, na ratiba yenyewe ilivurugika bado. Sasa maswali huanza baada ya dakika 15, na mzungumzaji huandaa slaidi zisizozidi 10. Wanasayansi wengi hulalamika kwamba hawawezi kueleza kazi ya miaka katika dakika 15. Hawawezi, ni kweli. Hata katika dakika 54 mtafiti wetu hakuweza.

Lipo jambo ambalo bado linanisumbua. Kikao cha pili kilifaulu kwa sababu tulikuwa na muda wa kuzunguka, mtumbwi wa kuazima, na mtafiti aliyekuwa tayari kusema "nilijua" mbele ya watu waliomkasirikia. Hatuwezi kulifanya hilo kwa kila mhadhara wa kila mwezi, na mihadhara mingi haihitaji. Anayezungumzia safari za ndege wahamao hamtwishi mtu uamuzi wa kesho asubuhi. Kwa hiyo tumeanza kuuliza swali moja kabla ya kupanga tarehe: katika watakaokuja, yupo atakayebadili anachofanya kwa sababu ya maneno haya? Akiwepo, maandalizi yanaanza kwake.

Kikao cha tatu kitakuwa juu ya mto, kwa wakulima. Tarehe bado haijapangwa, kwa sababu tunaendelea kukusanya maswali. Lililo juu kabisa katika orodha, na ambalo limeulizwa na watu wengi kuliko mengine yote, ni hili: "Mkituambia tupunguze mbolea, mmeshahesabu tutavuna nini?" Mtafiti hana jibu lake. Amemwandikia mtaalamu wa udongo kumwomba waende pamoja.